Daktari kaandika "jino namba 38 limelala". Binadamu si ana meno 32?

#1 Mkwezi Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, nakaa Mbagala. Wiki ya pili hii taya la kushoto linanitesa. Mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili, nikimeza mate nasikia yanapita sikioni. Nimeenda kwa daktari wa meno, nikapigwa ile picha ya kusimama, unang'ata kijiti halafu mashine inakuzunguka kichwa taratibu kama feni mbovu. Karatasi imeandikwa hivi: "Jino namba 38 limelala, linaegemea 37. Ling'olewe kwa upasuaji mdogo." Bei laki mbili na ishirini.

Sasa naomba mnisaidie. Shule ya msingi tulifundishwa mtu mzima ana meno 32. Hilo la 38 kalitoa wapi? Isije ikawa kanipa majibu ya mtu mwingine. Halafu jino limelalaje wakati mimi sijawahi kuliona likiwa macho? Babu yangu kafa na miaka zaidi ya 80, hajui upasuaji wa jino ni mdudu gani. Naanza kuhisi hii ni biashara tu. Naomba kuwasilisha.

#2 Chizi Maarifa wa Keko
Meno 38! Mkuu wewe mamba anakuonea wivu.

#3 Darubini Mbovu
@Chizi mamba wa mto Nile ana zaidi ya 60. Hata mbwa tu ana 42. Mleta mada bado yuko chini ya mbwa.

#4 Tabibu Kinywa
Mkwezi, picha ni yako, wala huna meno 38. Hiyo si hesabu, ni anwani, kama namba ya nyumba. Kinywa tunakigawa robo nne. Juu kulia ni 1, juu kushoto 2, chini kushoto 3, chini kulia 4, upande wa kulia ukiwa wa mgonjwa mwenyewe. Kisha unahesabu kuanzia jino la mbele katikati kwenda nyuma, 1 hadi 8. Kwa hiyo 38 isome "tatu-nane": robo ya tatu, jino la nane. Gego la mwisho, chini kushoto. Jirani yake wa mbele ni 37.

Kulala maana yake halikupata nafasi ya kutoka wima. Magego ya mwisho hutoka ukubwani, wengi kati ya miaka 17 na 25, wakati wenzake wameshakaa viti vyote. Lingine huinamia mbele likagonga mgongo wa jirani (hilo ndilo tunaliona zaidi), lingine hulala kabisa kama gogo, lingine huegemea nyuma, na lipo linalosimama wima lakini limebaki mfupani. Lako inaelekea limechungulia kidogo na juu yake kuna kifuniko cha fizi. Chakula kinaingia pale chini, mswaki haufiki, bakteria wanafanya sherehe. Fizi ikivimba, jino la juu linaitwanga kila ukifunga mdomo. Uvimbe ukifika kwenye misuli ya kutafunia, mdomo unagoma kufunguka.

Swali moja: hii ni mara ya kwanza kuvimba?

#5 Mkwezi Mstaafu
Dah, asante sana Tabibu. Tatu-nane. Kumbe niliondoka pale nimenuna bure. Hapana, mwaka jana katikati ya mfungo ilivimba hivi hivi, nikameza dawa za duka la pale kona, ikaisha. Nilidhani ni mwiba wa samaki.

#6 Dona Kamili
Chanzo ninacho mimi. Tunakula vyakula laini. Sembe imekobolewa, chapati, chipsi mayai, juisi. Taya la mtoto halifanyi kazi, kwa hiyo halikui, meno yanakosa pa kukaa. Zamani mtu anatafuna mihogo mikavu, makande yenye mahindi yasiyokobolewa, nyama ya kuchoma ya kuvutana nayo. Mkitaka ushahidi tazameni fuvu la Zinjanthropus alilolipata Louis Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Magego yake kama matofali, taya pana. Yule alilala na jino gani?

#7 Darubini Mbovu
Dona, rekebisha kidogo. Aliyeliona ni mke wake, Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959. Louis siku hiyo alibaki kambini na homa. Na Zinjanthropus si babu yetu, ni tawi la pembeni lililokatika. Ni sawa na kuthibitisha afya ya ukoo wako kwa kutumia taya la jirani.

#8 Dona Kamili
Sawa, Mary. Hoja yangu iko pale pale. Nenda kwa Wahadzabe wa Eyasi, wanatafuna mizizi yenye nyuzi kama kamba. Hakuna hata mmoja mwenye tatizo la huyu ndugu.

#9 Chizi Maarifa wa Keko
Ni nani kawapiga Wahadzabe eksirei? Wewe?

#10 Mama Wawili
Mkwezi pole sana, nimepita hapo hapo. Langu lilikuwa la kulia chini, sasa nimejua kumbe ni 48. Nikueleze ilivyokuwa ili usiende na woga.

Kwanza hawakunipasua siku ile ile. Nilikuwa nimevimba, daktari akasema ganzi haishiki vizuri kwenye usaha. Akaniosha pale chini ya kifuniko kwa sindano butu yenye maji ya chumvi, akanipa dawa, akanirudisha baada ya wiki. Siku yenyewe nilichomwa ganzi, nusu ya ulimi na mdomo wa chini vikawa kama vya kuazima. Akafungua fizi, kisha keekee ndogo inayotema maji. Sauti ndiyo mbaya, inapita kwenye mfupa mpaka utosini, na kuna harufu kama ukucha unaoungua. Maumivu hakuna, unasikia kusukumwa tu. Alilikata jino vipande maana halingepita zima. Kipande cha mwisho kilipotoka nilisikia "kle!" kama ganda la karanga. Aliviweka kwenye sinia, vitatu, na kimoja kina mzizi uliopinda kama ndoana. Nyuzi tatu, pamba ya kung'ata, kwaheri. Dakika arobaini.

Kosa nililifanya mwenyewe. Siku ya tatu najiona mzima, nimepita kwa muuza madafu, nikaomba mrija. Nimefyonza vile, usiku sikulala. Maumivu yalitoka kwenye shimo yakapanda sikioni hadi kwenye jicho, na mdomo unanuka. Asubuhi nimerudi, daktari kachungulia, kasema donge la damu limetoka, mfupa uko uchi. Kaniosha, kaniwekea kitambaa chenye dawa inayonuka karafuu. Ndani ya nusu saa nilitaka kumkumbatia.

#11 Msingini Boy
Karafuu! Nilikuwa naisubiri. Mimi ni wa Pemba, bibi yangu kila jino linalouma anakutwangia karafuu, unaweka pale. Leo nyinyi mnapanda gari, mnalipia kiti, kisha mnawekewa karafuu ya Pemba kwa bei ya dhahabu.

#12 Tabibu Kinywa
Msingini, bibi yako hajakosea. Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli, na ndiyo yamo kwenye ile dawa ya kuweka shimoni. Ila yanatuliza tu, hayaliamshi jino lililolala. Na msiyamwage mengi kwenye fizi, yanaunguza. Kuna mwingine anabandika aspirini juu ya fizi inayouma, anakuja kwetu na kidonda cheupe juu ya tatizo la kwanza. Na maji ya betri, jamani. Nimeshaona. Sitaki kusimulia.

#13 Mbeba Boksi
Nipo Uingereza, niwape ya huku. Taasisi yao ya NICE, inayoamua matibabu gani yalipiwe na serikali, ilitoa mwongozo mwaka 2000: kung'oa magego ya mwisho yaliyokwama lakini hayana ugonjwa kuachwe. Mimi langu limelala mwaka wa tisa, kila nikienda daktari analipiga picha, analisalimia, tunaachana. Marekani ndiko kijana wa chuo anang'olewa yote manne kabla hata hayajamuuma. Kwa hiyo hisia ya mleta mada kwamba kuna biashara ndani yake siyo ya kuipuuza.

#14 Tabibu Kinywa
Mbeba Boksi umenukuu vizuri ila umeishia katikati. Mwongozo huo unasema "yasiyo na ugonjwa". Huo huo unasema fizi ikivimba mara ya kwanza, na isiwe kali mno, hiyo peke yake si sababu ya upasuaji. Ikirudi mara ya pili, hapo upasuaji unafikiriwa. Ndiyo maana nilimuuliza Mkwezi swali lile, naye kataja mfungo wa mwaka jana. Sababu nyingine ni jino kuoza pasipozibika, kumtoboa jirani, au kufanya uvimbe wa maji ndani ya taya. Hili la 38 linaegemea 37. Angalia 37 isije ikaoza mgongoni, maana hiyo ndiyo unayotafunia.

Na kisu si jibu pekee. Wakati mwingine tunasafisha na kumfundisha mtu kusukutua. Wakati mwingine tunakata kile kifuniko cha fizi, ingawa chaweza kuota tena. Na kuna siku kosa ni la jino la juu linalotwanga fizi. Ukiling'oa hilo, kazi rahisi ya dakika chache, la chini linapata nafuu.

#15 Chizi Maarifa wa Keko
Yaani la chini linakosea, la juu linafukuzwa kazi. Kama ofisini kwetu.

#16 Mwana wa Kisauni
Hamjambo. Huku kwetu Mombasa twaliita jino la akili. Mimi yangu manne yamekwama yote, na akili zenyewe mke wangu asema hajaziona bado. Sababu naijua: babangu ana meno makubwa kama ya punda, mamangu ana kidevu cha paka. Mimi nimerithi meno ya baba nikayatia kwenye taya la mama. Ndugu yangu karithi taya la baba, hajaumwa hata siku moja. Tumbo moja, chakula kimoja, sufuria moja. Sasa Dona atueleze, mimi nilikula laini na yeye alikula mawe?

#17 Dona Kamili
Ndugu yako alikuwa anatafuna miwa, wewe unasubiri juisi.

#18 Mwana wa Kisauni
Sote twatafuna miwa, tena yeye ndiye mvivu.

#19 Kumbukumbu Hai
Dona, nakuongezea tatizo. Pale Chicago, Field Museum, kuna mifupa ya mwanamke aliyezikwa Cap Blanc, Ufaransa, miaka kama 15,000 iliyopita, kabla watu hawajaanza kulima. Kwa muda mrefu walimwita msichana, kwa sababu magego yake ya mwisho yalikuwa hayajatoka. Walipompiga eksirei za kisasa wakakuta magego yamekwama, na mwenyewe ni mtu mzima wa miaka 25 hadi 35. Yule alikula nyama ya porini, hakuwahi kuona sembe.

#20 Dona Kamili
Mmoja. Kwa mmoja unaangusha hoja? Hesabu wangapi enzi hizo na wangapi sasa hivi.

#21 Kumbukumbu Hai
Na wewe kwa Wahadzabe umehesabu wangapi?

#22 Bibi Harusi wa Zamani
Mimi nina maelezo tofauti na yote. Mama yangu na rika lake waling'olewa magego utotoni. Lilikuwa likiuma tu, koleo. Gego likiondoka mapema, la nyuma linasogea na kupata pa kutokea. Sisi tumekuzwa na dawa ya meno na mswaki, meno yote yamebaki, basi la mwisho linafika limekuta basi limejaa. Nashangaa babu wa Mkwezi hajaulizwa alibaki na mangapi.

#23 Mkwezi Mstaafu
Umenipata. Babu alikuwa na manne ya mbele tu, ya kutafunia tambuu.

#24 Darubini Mbovu
😂😂 Shahidi mkuu kafutwa.

#25 Mama Chonge
Samahani natoka nje ya njia kidogo. Yanayolala si magego peke yake. Binti yangu wa miaka 14, chonge la juu halikushuka. Tumepiga picha, limelala juu ya paa la kinywa kama mtu kwenye chandarua. Wao hawakuling'oa. Wamefungua fizi, wakagundisha kifungo kidogo na mnyororo mwembamba, sasa linavutwa taratibu na nyaya. Mwezi wa saba huu, ncha imeanza kuonekana.

Lakini daktari aliniuliza swali lililonichoma. Alipokuwa mchanga alitolewa "meno ya nailoni"? Nikakumbuka. Alikuwa na homa na kuharisha, mama mkwe akasema ni meno ya plastiki, akaletwa bibi mmoja akachokonoa fizi. Yale meupe waliyonionyesha yalikuwa vijusi vya meno, yaani meno machanga ambayo hayajaota. Upande ule ule chonge la utoto halikuota kabisa.

#26 Tabibu Kinywa
Asante kwa kusema hili, wengi wanaona aibu. Hakuna meno ya nailoni. Kinachochokonolewa ni kijusi cha chonge la utoto, na chini yake pamekaa la ukubwani. Wapo waliobaki na jino lenye kilema, wapo walioambukizwa damu wakafa. Jirani zetu Uganda wana jambo hilo hilo, wao huita ebinyo. Homa na kuharisha kwa mtoto vipelekwe kliniki. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilicholaza chonge la binti yako, maana chonge la juu hukwama hata kwa ambao hawakuguswa. Baada ya magego ya mwisho ndilo linalokwama zaidi.

#27 Meru Peak
Afadhali mna meno ya kulala. Sisi wa Arusha yametoka yote, wima, safi, ila ya kahawia.

#28 Chizi Maarifa wa Keko
Hayo yamekaangwa.

#29 Meru Peak
Ni floridi ya maji bwana mdogo, tumekunywa tangu utotoni. Angalau yetu yanaonekana, wewe yako yamejificha.

#30 Fundi Gereji
Mnacheka ila ngoja niwaambie. Kijana wangu hapa gereji alisema "kajino tu", akawa anameza flajili na konyagi juu yake, akatapika kama kalishwa sumu. Siku ya nne uvimbe ukashuka chini ya kidevu, shingo ngumu kama tairi, ulimi umeinuka, mate yanamtoka hawezi kumeza. Tulimpeleka usiku. Walimpasua chini ya kidevu kutoa usaha, akawekewa mpira wa kupumulia. Amepona ana kovu. Mkwezi, ukiona uvimbe unashuka shingoni, au unashindwa kumeza, usirudi humu kuuliza. Panda bodaboda.

#31 Tabibu Kinywa
Fundi kamaliza. Na flajili haipatani na pombe, hiyo si hadithi.

#32 Mdomo Ganzi
Mbona hamumwambii habari ya mshipa? Mimi niling'olewa miaka miwili iliyopita, mpaka leo nusu ya mdomo wa chini na kidevu naona kama nimevaa plasta. Nikinywa chai, sijui kama imemwagika mpaka mtu anicheke. Hospitali siitaji, na karatasi nilisaini mwenyewe bila kusoma.

#33 Tabibu Kinywa
Pole. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia za mdomo na kidevu. Mdomo haupindi, ila hisia zinapotea. Kwa walio wengi zinarudi baada ya wiki au miezi, wachache zinabaki hivyo. Ndiyo maana ya ile picha ya kuzunguka: kuona mizizi iko umbali gani na mshipa. Ikigusana sana, kuna njia ya kukata kichwa cha jino tu na kuacha mizizi mfupani, fizi ikafunga juu yake. Mkwezi, muulize daktari wako swali moja tu: mizizi yangu na mshipa vikoje?

#34 Slay wa Tabata
Mimi naambiwa haya magego yanasukuma ya mbele yanapindana. Yangu ya chini yalikuwa sawa, sasa yamebanana. Ni kweli?

#35 Tabibu Kinywa
Wengi wanaamini hivyo. Tafiti nyingi haziungi mkono. Meno ya mbele ya chini hubanana ukubwani hata kwa wasio na magego hayo.

#36 Slay wa Tabata
Aliyenifunga nyaya alisema yanasukuma.

#37 Tabibu Kinywa
Najua. Tunabishana naye kila mkutano.

#38 Darubini Mbovu
Jamani tumefika bandiko namba 38. Halijalala.

#39 Mkwezi Mstaafu
Wakuu nimerudi, siku kumi na mbili baadaye. Nilikwenda nikauliza swali la Tabibu kama lilivyo. Daktari akanigeuzia picha, akanionyesha kamstari ka mshipa na ncha za mizizi, kuna nafasi ya kama punje ya mchele. Tumekubaliana kung'oa. Aliniosha kwanza, nikarudi uvimbe ukiwa umetulia. Vipande viwili. Ile "kle!" ya Mama Wawili nimeisikia, nusura niruke kwenye kiti. Madafu nayatazama kwa mbali, uji nakunywa kwa kijiko, chumvi na maji ya vuguvugu nilianza siku iliyofuata. Shavu lilijaa siku ya pili nikafanana na mtu aliyeficha andazi, leo limeshuka. Jino 37 mgongoni lilikuwa limeanza weusi, litazibwa wiki ijayo.

Kwa nini lililala, daktari nilimuuliza. Akasema "ndivyo lilivyoamua". Kwa hiyo Dona, Kisauni na Bibi Harusi endeleeni.

Vipande amenipa kwenye kibahasha. Mwanangu anataka tuvirushe juu ya bati kama anavyofanya ya kwake.

#40 Dona Kamili
"Ndivyo lilivyoamua" maana yake hakusoma. Ni sembe hiyo.

#41 Chizi Maarifa wa Keko
Usirushe batini mkuu! Likirudi jipya tutakuja kusoma uzi wa jino namba 39.

#42 Tabibu Kinywa
Namba 39 haipo.

#43 Mkwezi Mstaafu
Hata 38 nilisema haipo.